Mchungaji na Kondoo Asiyelia

Dominika ya Nne ya Pasaka, Mwaka B (Yn 10:11-18)



Wapenzi wasikilizaji, ninyi mlio majumbani, ninyi mlio vitandani hospitalini, na ninyi makatekista wa vigango vya mbali ambao leo mtaongoza ibada bila padre: Dominika hii ya Nne ya Pasaka huitwa Dominika ya Mchungaji Mwema. Kila mwaka, siku kama ya leo, Kanisa hutusomea sehemu ya sura ya kumi ya Injili ya Yohane. Mwaka huu tumepewa ile sehemu ambamo Bwana wetu anatufundisha kwamba mchungaji mwema huutoa hata uhai wake kwa ajili ya kondoo, kisha anamweka mbele ya macho yetu mtu wa mshahara, ambaye mbwamwitu akitokea hukimbia na kuliacha kundi litawanyike. Siku hii ndiyo pia, tangu mwaka 1964, Siku ya Kuombea Miito duniani. Miito tutaiombea mwishoni. Kwanza nataka tuzungumze habari za kondoo wenyewe, maana nahofu kwamba wengi wetu tumewajua kondoo kwa njia ya picha tu.

Mnaijua picha ile. Hutundikwa sakristia, huchapwa katika kalenda, na watoto wa Komunyo ya Kwanza hupewa kadi zake: Bwana Yesu amevaa joho jeupe, na mabegani amembeba mwanakondoo mweupe kama pamba, aliyeoshwa na kukaushwa. Siidharau picha hiyo; imewafariji wengi. Lakini mimi nimelelewa pamoja na kondoo, na sijapata kumwona aliye msafi kiasi kile. Kondoo niliowajua walikuwa na rangi ya udongo, mikia yao minene ya mafuta ilishika matope na samadi, na yeyote aliyembeba mmoja wao mabegani alirudi nyumbani akiwa na haja ya kubadili shati. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Misa ya Krisma ya mwaka 2013, aliwaasa mapadre wawe wachungaji wenye harufu ya kondoo. Wengi wetu tuliupokea wosia huo kwa tabasamu. Aliyewahi kulala chumba kimoja na kondoo hakutabasamu sana.

Nilizaliwa katika mteremko wa Mlima Kilimanjaro, kwenye kihamba cha ukoo kisichozidi ekari mbili. Mahali kama pale hakuna mbuga ya kuchungia. Migomba inasimama juu, kahawa iko chini yake, chini ya kahawa kuna magimbi, na kondoo hukaa zizini wakaletewa chakula chao hapo hapo. Mama na dada zangu waliteremka hadi tambarare kukata majani, wakayapandisha mlimani kwa kichwa. Mashina ya migomba yalikatwakatwa kwa panga, yakawa chakula na maji kwa pamoja. Samadi ilirudi kwenye migomba. Ila wakati wa masika, majani yanapostawi kando ya mfereji, kondoo walitolewa asubuhi, wakafungwa huko kwa kamba na vigingi, na jioni wakarudishwa. Kazi hiyo ilikuwa yangu, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Kondoo wale walikuwa mali ya Bibi yangu, mama mzaa baba. Walikuwa saba: majike watano, dume mmoja na mwanakondoo mmoja aliyezaliwa karibuni. Kila jioni, Bibi akiwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, aliniuliza, “Umewaangalia kondoo?” Nami nilijibu upesi, maana nilikuwa na njaa, “Wako saba, Bibi.” Naye alinirudishia neno lile lile kila siku: “Sikukuuliza wako wangapi, mjukuu wangu. Nimekuuliza wakoje.”

Sikuielewa tofauti. Kwangu mimi kuwaangalia kondoo kulikuwa ni kuona kwamba hakuna aliyekata kamba, hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyeingia katika mahindi ya jirani. Saba walitoka, saba wamerudi. Kazi imekwisha, naomba chakula.

Masika ya mwaka ule yalikuwa marefu. Asubuhi moja nilipofungua zizi, jike mmoja mwenye baka jeupe kwenye paji la uso hakuinuka. Mwanawe wa siku nane alikuwa akimsukuma kiwele kwa pua, akitafuta maziwa katika mwili uliokwisha kupoa. Nilimwita Bibi. Alikuja akiinamia fimbo yake, hakulia wala hakunigombeza. Alipiga magoti, akaweka kidole gumba chini ya jicho la yule kondoo, akalivuta kope la chini, akaniamuru nitazame. Ndani ya kope la kondoo mzima huwa pekundu. Pale palikuwa peupe kama karatasi. Kisha aliushika mkono wangu akaupitisha chini ya taya, nikagusa uvimbe laini, mfano wa mfuko mdogo wa maji. Akasema, “Uvimbe huu hauji kwa usiku mmoja. Huyu hakufa leo. Amekuwa akifa tangu wiki tatu zilizopita, nawe ulikuwa ukimhesabu.”

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilimwuliza bwana mifugo mmoja kuhusu kifo kile, naye akanieleza bila kusita. Muuaji ni mnyoo mwembamba, urefu wake sentimita mbili au tatu, ambaye huonekana kama amesukwa kwa uzi mwekundu na mweupe kwa sababu ya damu aliyoinywa. Hukaa katika tumbo la nne la kondoo. Jike lake hutaga maelfu ya mayai kila siku. Mayai hutoka pamoja na samadi, mabuu yake hupanda juu ya majani yenye unyevu, na kondoo akila majani amewala na wao. Jike aliyezaa karibuni ndiye anayeshambuliwa zaidi, maana nguvu zake zote zimekwenda kwa mtoto. Ndiyo sababu wazee walikataza kuwafunga kondoo mahali pale pale siku baada ya siku, na wakataka umande ukauke kwanza. Nilijua makatazo hayo. Nilikuwa nikiwafunga pale pale kwa sababu vigingi vilikuwa vimekwisha kupigwa.

Naye aliniambia jambo jingine ambalo nimelitafakari mara nyingi. Nchini Afrika Kusini wataalamu walitengeneza kadi yenye rangi tano, kuanzia nyekundu hadi nyeupe, ambayo mfugaji huishika karibu na jicho la kondoo baada ya kulivuta kope, apate kujua ni yupi anayehitaji dawa. Sababu yake ni kwamba dawa ikinyweshwa kundi zima kila mara bila kutazama, minyoo huizoea, na baada ya miaka michache dawa ile ile haiui tena kitu. Inampasa mfugaji amshike kila mmoja kwa mkono wake. Wapo kondoo wenye kustahimili kuliko wengine. Utafiti uliofanywa Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990, ulionyesha kwamba kondoo wekundu wa Kimasai humhimili mnyoo huyu kuliko kondoo wa Dorper, ambao ni wakubwa na wanaopendwa sokoni. Lakini hakuna kondoo asiyehitaji kutazamwa. (Nami nakiri, wapenzi wasikilizaji, kwamba mahubiri ya redioni ni dawa ya kunyweshwa kundi zima. Sioni kope la yeyote kati yenu.)

Waswahili wana methali isemayo: Kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Ni kweli, kondoo hulia akiwa na njaa, hulia akitenganishwa na wenzake, lakini akishikwa na ugonjwa hunyamaza. Mbuzi akishikwa tu mguu, kitongoji kizima hupata habari. Kondoo husimama pamoja na wenzake, hutembea nao, huinamisha kichwa kana kwamba anakula, hadi siku ambayo hawezi tena kusimama. Methali yetu huusifu ustahimilivu huo, nami siwezi kuipinga yote, kwa maana nabii Isaya alimtabiri Mtumishi wa Bwana ambaye angepelekwa machinjoni kama mwanakondoo, asifumbue kinywa chake, nasi tunaamini kwamba Mtumishi huyo ni Kristu. Lakini methali hiyo husemwa kwa upande wa kondoo. Kwa upande wa mchungaji haisemeki. Mchungaji hawezi kusimama juu ya mzoga akausifu kwa uungwana wake.

Someni nyumbani sura ya thelathini na nne ya kitabu cha nabii Ezekieli. Mungu anawashtaki wachungaji wa Israeli, na mashtaka yake si kwamba hawakujua idadi. Anawashtaki kwamba waliodhoofu hawakutiwa nguvu, wagonjwa hawakuponywa, waliovunjika hawakufungwa, waliopotea hawakutafutwa. Kazi zote hizo humtaka mchungaji kwanza aone. Kisha Mungu anatoa ahadi ya ajabu, kwamba atakuja Yeye mwenyewe kuwatafuta kondoo wake. Bwana wetu anapojiita Mchungaji Mwema katika Injili ya leo, anatangaza kwamba ahadi ile imefika.

Sasa niwaeleze habari yangu mwenyewe, maana nisiposema nitakuwa nimewahubiria ninyi peke yenu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa paroko mahali ambapo sitapataja. Nilikuwa mtu wa daftari. Nilijua idadi ya jumuiya ndogondogo na ya wanajumuiya katika kila moja, waliolipa zaka na ambao hawakulipa, ndoa zilizofungwa na ndoa zilizosubiri. Halmashauri ya Walei walifurahi, na hesabu zetu zilipopelekwa jimboni hazikurudishwa hata mara moja. Katika jumuiya mojawapo alikuwapo mama mjane, kiongozi, mtu wa kimya, ambaye kila Dominika aliketi benchi la tatu karibu na nguzo. Kila Dominika nilimsalimu mlangoni: “Habari za nyumbani, Mama?” Naye alijibu, “Salama, Padre.” Kwaresima ile nilimwona amekonda. Nilijisemea moyoni kwamba mama huyu anafunga kwelikweli, na nadhani hata nilimsifu mbele ya wenzake.

Alhamisi Kuu alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili walioketi mbele ya altare kwa ajili ya kuoshwa miguu. Alikuwa wa tano. Nilipiga magoti, nikauosha mguu wake, nikaukausha kwa taulo, nikaubusu. Mguu ulikuwa umevimba. Niliuona uvimbe ule kwa macho yangu, niliugusa kwa vidole vyangu, nikahamia kwa wa sita, kwa sababu kwaya ilikuwa imefika ubeti wa mwisho.

Wiki ya Oktava ya Pasaka alianguka bombani akiwa na ndoo ya maji kichwani. Katekista alikuja kuniita, tukampeleka hospitali. Daktari, kijana mdogo, hakuanza kwa maswali. Aliweka kidole gumba chini ya jicho lake, akalivuta kope. Nilikuwa nimesimama nyuma ya daktari, na nikaona peupe kama karatasi. Ndugu zangu, miaka yote tangu ile asubuhi ya zizini iliondoka mara moja, nikawa tena mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye mkono chini ya taya ya kondoo aliyekufa.

Huyu hakufa, ashukuriwe Mungu. Alikuwa akivuja damu kwa miezi mingi kutokana na ugonjwa ambao aliona aibu kuutaja. Wanajumuiya wake walikuja kutoa damu, wengine wao ni watu ambao katika daftari langu walikuwa na alama nyekundu ya zaka. Alipopata nguvu nilikwenda kuketi kando ya kitanda chake, nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemhurumia mtoto, akasema, “Hukuniuliza, Padre. Ulinisalimia.”

Nimelibeba neno lile hadi leo. Sisi watu wa nchi hizi tunasalimiana vizuri kuliko watu wengi duniani, na ni urithi wa kujivunia. Lakini mnajua jinsi salamu zetu zilivyo. Hata katika nyumba yenye msiba, ukiuliza habari, utajibiwa kwanza kwamba ni nzuri. Nzuri, ila mtoto ana homa. Salama, ila mzee hajarudi tangu juzi. Njema, ila tulizika jana. Habari yenyewe huja baada ya neno lile “ila,” na neno “ila” halitoki haraka. Hutoka kwa mtu aliyeona kwamba aliyemsalimu amesimama, ametua mzigo, hana haraka ya kwenda. Mimi nilikuwa nikisalimu watu mia tatu kwa dakika ishirini, na hakuna hata “ila” moja iliyopata nafasi ya kunifikia.

Turudi basi kwa mtu wa mshahara. Angalieni kwamba Bwana wetu hamwiti mwizi; mwizi amekwisha kutajwa katika mistari iliyotangulia, na ni mtu mwingine. Mtu wa mshahara huja kazini kwa wakati, hufungua zizi, huhesabu, hufunga. Mchana kutwa huwezi kumtofautisha na mchungaji. Ni mbwamwitu anayewatofautisha. Nami nimejifunza kwamba mbwamwitu si lazima awe mkubwa. Mbwamwitu wa kondoo wa Bibi yangu alikuwa na urefu wa sentimita tatu. Wala kukimbia si lazima kuwe kwa miguu. Mimi nilimkimbia yule mama nikiwa nimepiga magoti mbele yake.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Wako kati yenu vijana mnaochunga mifugo ya watu kwa malipo, mvua yenu, jua lenu, na pengine mnaisikiliza redio hii mkiwa nyuma ya kundi. Bwana hakuwatukana ninyi. Wengi wenu mnawajua kondoo wa tajiri kuliko tajiri mwenyewe anavyowajua. Na kwa kuwa nimelitaja jambo hili, nilimalize: wapo wenye mifugo, Wakatoliki wa Misa ya kwanza, ambao humwahidi kijana wa kuchunga kondoo mmoja kwa mwaka, na mwaka ukiisha humwambia kwamba kondoo aliyekufa ndiye aliyekuwa wake. Hao nao wasikilize Injili ya leo kwa makini.

Tunaposikia kwamba mchungaji huutoa uhai wake, mawazo yetu huenda moja kwa moja Msalabani, na ndiko yanakopaswa kwenda. Lakini wengi wetu hatutaombwa kufa siku moja. Tutaombwa saa. Uhai wa mtu ni saa zake, na mfugaji wa kondoo wachache huutoa usiku, kwa vipande. Kondoo hubeba mimba miezi mitano, na mara nyingi huzaa wakati wa giza na baridi. Mwanakondoo huzaliwa akiwa amelowa. Asiporambwa akakauka, na asiposimama akapata dang'a katika saa za kwanza, kunakucha amekufa. Kinga ya kondoo mama haimfikii mtoto akiwa tumboni. Yote huja kwa dang'a, na matumbo ya mtoto huweza kuipokea kwa muda wa kama siku moja tu. Baada ya hapo mlango hufungwa. Ukimletea dang'a keshokutwa, hata ndoo nzima, amekunywa maziwa tu.

Bibi hakunichapa kwa ajili ya yule jike aliyekufa. Alinipa mwanakondoo wake. Nilimnywesha maziwa ya ng'ombe ya uvuguvugu kwa chupa, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, usiku na mchana, nikalala naye karibu na mafiga. Usiku wa tatu nilisinzia, na nilipozinduka nilimkuta Bibi, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, ameketi sakafuni na chupa mkononi. Siku ya tano jike mwingine alizaa mfu. Bibi alifanya jambo ambalo wafugaji wa nchi nyingi hulijua: alimchuna yule mfu, akakata matundu manne ya miguu, akamvisha ngozi ile yatima wetu kama koti. Kondoo humtambua mwanawe kwa harufu, na mtoto wa mwingine humpiga kichwa. Yule jike alimsukuma mara ya kwanza, akamnusa mkiani, akamnusa tena, kisha akatoa sauti ile ya chini, ya kifuani, ambayo jike huitoa kwa mtoto wake aliyezaliwa punde. Baada ya siku tatu ngozi ilivuliwa, na hakuna aliyeikumbuka.

Makatekista wenzangu, nimeutumia mfano huu mara nyingi ninapowaeleza wakatekumeni maneno ya Mtume Paulo kwa Wagalatia juu ya wabatizwa kumvaa Kristu. Mfano una mipaka yake, kwa maana Baba wa mbinguni hadanganyiki kwa harufu; anajua vizuri sisi ni watoto wa nani, na Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka tuvikwe. Lakini watu huuelewa, hasa wafugaji. Mmoja alifia, mwingine akavaa, na Baba akamwita mwana.

Na sasa nina neno juu yao hao waliovikwa. Wiki tatu zilizopita, katika Kesha la Pasaka, tumewabatiza. Kwa miezi mingi, pengine miaka miwili, tuliwaita majina kila kipindi cha mafundisho, tuliandika nani amekuja na nani hakuja, tuliwakatalia wengine kwa sababu ya mahudhurio. Jumatatu ya Pasaka daftari likafungwa. Kanisa limeziweka wiki hizi hadi Pentekoste kuwa kipindi cha mistagojia, cha kuwalea waliozaliwa upya, na katika parokia nyingi ninazozijua kipindi hicho ni jina tu katika kitabu. Wazazi wa ubatizo wamekwisha kupiga picha. Ni hizi ndizo saa za dang'a. Bwana alipomkabidhi Petro kundi, huko kando ya ziwa, aliwataja kwanza wanakondoo. Ukiwatafuta wabatizwa wako mwezi wa nane, kwa sababu mchango wa jengo haujafika, utakuwa umechelewa.

Katika Injili ya leo Bwana anasema kwamba anawajua walio wake kama vile Baba anavyomjua Yeye. Sijui kama tunausikia uzito wa jambo hilo. Baba hamjui Mwana kwa orodha. Na aliyetwambia hivyo ni Mchungaji ambaye kabla ya hapo amekuwa kondoo, aliyejua kwa ndani jinsi kunyamaza kulivyo, ambaye mbele ya Pilato hakujitetea. Kwa hiyo hasubiri tulie. Mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili hakusema neno. Aligusa pindo la vazi katikati ya umati uliosongamana, na Bwana akasimama, safari nzima ikasimama, binti wa Yairo akiwa mahututi, hadi amwone aliyemgusa.

Jumuiya zenu zitakutana juma hili. Katibu atasoma mahudhurio, na wasiofika watatajwa, na pengine watatozwa faini, jambo ambalo tutalizungumza siku nyingine. Nawaomba mfanye jambo moja kabla hajafungua daftari. Mtajeni mmoja ambaye hakosi, ambaye daima husema salama, ambaye hajawahi kuomba kitu. Wawili kati yenu waende kwake siku nyingine, bila bahasha ya mchango na bila Biblia ya kufundishia, waketi. Wakipewa chai wainywe. Wasiondoke kabla ya “ila.”

Bibi yangu alipofikia uzee mkubwa macho yalimtoka. Hakuacha kondoo. Jioni aliongozwa hadi zizini, akawapapasa mmoja mmoja: uti wa mgongo, shina la mkia, chini ya taya. Mwaka niliopata upadrisho nilikwenda kumsalimu, nikiwa nimevaa kanzu mpya, na nyumba imejaa wageni. Aliushika uso wangu kwa mikono miwili, akapitisha vidole chini ya taya yangu, akasema mbele ya watu wote kwamba nimekonda, nipewe maziwa.

Niliahidi kwamba tutaombea miito. Tuwaombee vijana wetu walio seminarini na masista walio malezini. Tuwaombee pia mapadre tulio kazini tayari, ambao tumeosha miguu mingi na hatukumbuki wa tano alikuwa nani.

Sasa tusimame, tuikiri imani yetu. Ninyi mlio vitandani, kaeni hivyo hivyo mlivyo.